Mangi ndiye aliyejua kwanza

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Familia inayohama mji, kuhama kwake kunaanza lini hasa?" Sisi tunatoka Tabata, Dar es Salaam, tunakwenda Dodoma mwisho wa mwezi huu wa Juni. Tupo wanne: mimi, mume wangu, mtoto wa darasa la kwanza na mwingine wa mwaka mmoja na miezi minne. Najibu nikiwa nimekalia boksi, maana viti vimeshauzwa. Kwetu kuhama kulianza mwezi wa nne, kwenye duka la Mangi, na wala si mimi niliyegundua.

Nilikwenda kununua sukari, nikaomba nusu kilo. Mangi akapima, akafunga, akanisogezea, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, mnahama?" Nilishtuka. Hata mama mwenye nyumba nilikuwa sijamwambia. Akasema, "Hii nusu ya tatu. Wewe ni mtu wa kilo mbili mbili."

Na kweli, bila hata kukaa kikao, nyumba nzima ilikuwa imeingia kwenye maisha ya nusu. Mchele tuliozoea kuchukua kilo 25 kwa mkupuo, sasa kilo moja, ukiisha narudi tena. Mafuta ya kula yametoka kwenye dumu la lita tano yakahamia kwenye kipimo. Umeme wa LUKU nanunua wa elfu mbili, kama mpangaji anayekwepa kumwachia mwenzake yuniti. Dawa ya meno imekamuliwa mpaka mtoto akaniuliza kama tumefilisika. Kila kitu napiga hesabu: hiki kitaisha kabla ya tarehe 30, au nitakibeba?

Wanaosema kubana hivyo ni kuweka akiba hawajawahi kununua mafuta ya kipimo miezi miwili mfululizo. Robo leo, robo keshokutwa, ukijumlisha umeshalipa dumu na chenji juu. Nilikuwa najua hilo kwa mdomo tu, kama mtu anayepita. Sasa nalijua kwa daftari.

Gesi ndiyo iliyonitoa jasho. Mtungi wetu wa kilo 15 uliisha Mei, katikati ya maharage. Kujaza mpya wakati dereva wa Fuso ameshasema hapandishi mtungi wenye gesi kwenye mzigo wake? Nikaazima mtungi mdogo kwa jirani, bibi mmoja anayeniita mwanangu tangu siku ya kwanza nilipohamia hapa. Akanipa, akasema, "Maharage chemshia mkaa, mwanangu. Gesi ya kuazima ni ya chai." Kwa hiyo nina jiko la mkaa uani na jiko la gesi ndani, na watoto wananuka moshi kama tupo shamba.

Friji ni kosa langu mwenyewe, simsingizii mtu. Niliweka picha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa nikitegemea nitahangaika na wateja mwezi mzima. Saa hiyohiyo akaja mtu na hela mkononi, taslimu, na bajaji ya mizigo nje. Nani anaacha hela taslimu? Likaondoka wiki ya kwanza ya Mei. Nikabaki na mtoto mdogo, maziwa, joto la Dar, na wiki nane mbele yangu. Sasa maziwa nanunua asubuhi na kuyachemsha mara mbili, na dagaa wamekuwa kitoweo cha kudumu. Shauri langu kwa wasomaji, kama mnalitaka: friji liwe la mwisho kutoka, hata mteja akilia.

Huko Dodoma mume wangu ametangulia tangu Machi. Taasisi yao imehamisha ofisi, akapewa barua, akaondoka na begi moja. Analala kwa mwenzake wa kazini, godoro chini. Kila baada ya wiki mbili anashuka Ijumaa usiku na treni ya umeme. Kabla ya Julai 2024, SGR ilipoanza kufika Dodoma, mtu wa hivi angekula siku nzima kwenye basi, na nadhani tungekuwa tunaonana kwa mwezi mara moja. Mtoto mkubwa haulizi baba anakuja lini. Anauliza kama baba anakuja na ile treni ya mchongoko, yenye pua iliyochongoka.

Baba yangu mzazi, yeye, anatuangalia tukifunga vitu kama mtu anayetazama mchezo aliokwisha kuuona. Alikuwa karani serikalini. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa 1973, na anasema katika utumishi wake wote waliambiwa wakae tayari. Walikaa tayari mpaka akastaafu, yupo Dar. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba safari hii serikali inahama kweli, mzee alicheka. Septemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Majaliwa akahamia, mzee akaacha kucheka. Mwezi uliopita alikuja na kamba za katani, akafunga godoro letu vizuri kuliko mtu yeyote, akasema, "Kamba hizi nilizinunua kwa safari yangu." Sijui kama alikuwa anatania.

Kutafuta nyumba kwa mbali ni shule nyingine. Dodoma imejaa watu kwa kasi: sensa ya 2012 jijini walihesabiwa 410,956, ya 2022 wakafika 765,179. Mimi namba hizo nazisoma kwenye kodi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, dalali anataka mwezi mmoja wake, na kabla ya hapo anataka hela ya kuonyesha, hata akikuonyesha banda. Mume wangu huzunguka jioni baada ya kazi na kunipigia kwa video. Tumeona Nkuhungu, tumeona Kisasa, tumeona Ilazo, mimi nikiwa jikoni na simu imeegeshwa kwenye kopo la chumvi.

Wanaume wanaonyesha malumalu. Sijui kwa nini. Anazungusha simu: dari ya jipsamu, malumalu, dirisha la alumini. Namwambia, "Baba, hayo malumalu nitakunywa? Fungua bomba." Nyumba ya Ilazo bomba lilikohoa, likatema upepo, likanyamaza. Dalali akadakia haraka, "Bosi, wamefunga tu kwa leo, kuna matengenezo." Basi nikabadili mbinu. Nyumba iliyofuata ilikuwa Nzuguni, upande wa kwenda Mtumba kwenye mji wa serikali anakofanya kazi. Nikamwambia mume wangu asimuulize dalali chochote, ampe simu yule mama anayefua nyumba ya pili. Tukasalimiana vizuri, shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, ndipo nikamuuliza maji. Akasema, "Yana siku zake, mama. Na yana chumvi kidogo, sabuni haitoi povu kama huko kwenu pwani. Ukiwa na tenki hulii." Nikaipenda nyumba hapohapo. Siyo kwa sababu ya maji, kwa sababu ya jirani. Tumelipia.

Lakini kabla ya hapo nilikwama wiki tatu kwenye duara la shule. Uhamisho wa mtoto unataka shule anakokwenda ithibitishe kwamba ina nafasi. Shule anakokwenda inategemea tunakaa wapi. Tunakaa wapi inategemea bomba. Mwalimu mkuu wa hapa, mtu mwungwana kabisa, alinirudisha mara mbili: "Mama, niandikie jina la shule, nikuingizie kwenye mfumo." Jina lenyewe sina! Likizo ya Juni ilikuwa inakaribia na mimi nazunguka na fomu tupu kwenye pochi. Humohumo pochini imo kadi ya kliniki ya mdogo, maana chanjo yake ya pili ya surua, ile ya miezi 18, inaangukia Agosti, tutakuwa Dodoma. Kadi hiyo haifungwi kwenye boksi lolote. Nalala nayo.

Nikuambie habari ya viatu. Mtoto mkubwa aliniona napanga vitu kwenye mifuko ya shangazi kaja, naye akaamua kusaidia. Jumapili moja usiku mwezi Mei, mimi nimesinzia, akachukua kila alichoona ni chake akajaza mfuko, akaufunga zipu, akauzungushia seloteipu roli nzima. Mimi sikujua. Jumatatu saa kumi na mbili kasoro, sare amevaa, chai amekunywa, viatu hakuna. Chini ya kitanda hakuna. Nje hakuna. Nikamuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa ukali. Akanijibu kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake: "Vipo Dodoma."

Kwake yeye mfuko ukishafungwa umeshafika. Nilikata seloteipu kwa kisu cha vitunguu. Vilikuwa chini kabisa: viatu vyeusi, ndani ya kimoja kuna goroli nne na mswaki. Alilia njia nzima kwenda shule, akisema nimerudisha viatu Dar. Mpaka leo ule mfuko ana wivu nao. Kila akitoka kulala anaenda kuugusa.

Usafiri wa vyombo nilipata kwa bahati. Kuna gari linaloleta mahindi kutoka soko la Kibaigwa mpaka Tandale, na likishashusha linarudi tupu. Dereva ni shemeji wa mteja wangu wa chapati. Mzigo wetu utapanda na gari hilo likirudi kwao, Dodoma mjini, kwa bei ambayo wenye magari ya kukodi waliponisikia naitaja walinisonya. Atatushusha Nzuguni kwa sababu ipo njiani, kabla hajaingia mjini. Atakachodai zaidi ni chai yake na mtu wa kumsaidia kufunga turubai. Kuhusu masweta, nimenunua Karume, manne, ya watoto na yetu, maana nimeambiwa upepo wa Julai kule unapuliza mpaka mfupa.

Sasa nifike kwenye kitu chenyewe, maana nimekuwa nakizunguka. Ni upatu.

Tupo wanawake 12, kila Jumapili elfu ishirini ishirini, anayepokea anapokea 240,000. Zamu yangu ni ya 11, katikati ya Julai, wakati mimi nitakuwa nafulia maji ya chumvi. Nilimwomba kijumbe, yule anayetushikia daftari, anisogeze mbele, nipokee kabla sijaondoka, hela ilikuwa na kazi yake: tenki. Jambo rahisi, nilidhani. Tukakaa uani kwa kijumbe, kwenye mkeka, na hakuna aliyesema hapana. Walinyamaza tu. Mmoja akawa anachuna ukucha. Mwingine akaanza kumsifia mwanangu. Kumbe miaka iliyopita, kabla sijajiunga, kuna mwenzao alipokea zamu ya tatu, akahamia Mwanza, namba ikawa haipatikani.

Nilihisi uso unawaka. Miaka minne nimekaa nao, nimewapikia kwenye misiba, mmoja nimempeleka leba usiku kwa bajaji. Lakini nikirudi nyumbani nilifikiri: na mimi ningekuwa wao, ningenyamaza vilevile. Ukishakuwa mtu wa kuondoka, unapimwa kwa kipimo kingine. Mangi alinipimia sukari, hawa walinipimia uaminifu, na wote walianza kabla sijafunga boksi hata moja.

Kijumbe akakata shauri Jumapili iliyofuata. Zamu haisogei. Nitaendelea kutuma elfu ishirini kila Jumapili kabla ya saa nane mchana, na ikifika Julai watanitumia yangu kwenye simu. Ubishi uliobaki ulikuwa wa ya kutolea, nani ailipe. Ulichukua muda kuliko suala lenyewe. Tukakubaliana nikituma mimi naongeza ya kutolea, wakinitumia wao hawaongezi. Sawa. Tenki litasubiri, tutaanza na ndoo.

Jumapili iliyopita nilikwenda kulipa kama kawaida. Kijumbe alikuwa kwenye mkeka wake, miwani puani, daftari mapajani. Alihesabu hela, akaweka tiki, halafu nikaona anaongeza neno mbele ya jina langu. Nikachungulia. Ameandika: *wa Dodoma*.

Nikamwambia, "Dada, lifute hilo, bado nipo, zimebaki wiki mbili na nusu." Akafunga daftari, akasema ile kalamu ni ya wino.