Maswali ya Wasomaji: Taifodi Isiyokwisha Kwenye Karatasi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama lishe hapa Mbagala Rangi Tatu. Tangu mwaka jana nimepimwa taifodi mara tatu, na mara zote karatasi imeandikwa kwamba ninayo. Mara mbili za kwanza iliandikwa "O 1:80" na mara ya mwisho 1:160. Kila mara nimeandikiwa dawa, nimemeza na kumaliza dozi. Jirani yangu anasema wadudu wa tumboni wakishaingia kwenye damu hawatoki tena. Je, ni kweli? Na kama wadudu wenyewe wako tumboni, kwa nini wanapimwa kwenye damu? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Marahaba, dada yangu. Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, na pengine ni bahati, kwa kuwa swali lako linahusu yale yanayofanyika nyuma ya kile kidirisha unachopitishia mkono.

Damu yako ilipochukuliwa iliachwa igande, kisha ikazungushwa kwenye mashine mpaka yale majimaji ya rangi ya manjano, yaani seramu, yakajitenga juu. Tone la seramu hiyo likawekwa kwenye kadi nyeupe, na juu yake likaongezwa tone la kimiminika chenye bakteria wa taifodi waliokwisha kuuawa na kutiwa rangi, kwa kawaida bluu kwa kipimo cha O (kinacholenga ukuta wa bakteria) na nyekundu kwa kipimo cha H (kinacholenga mikia yao). Mpimaji akakoroga kwa kijiti na kuitikisa kadi taratibu kwa muda wa dakika moja hivi. Seramu isiyo na kingamwili husalia laini vilevile. Yenye kingamwili hufanya chembechembe, mithili ya maziwa yanayoanza kukatika. Kipimo hicho kinaitwa Widal, kwa jina la tabibu wa Ufaransa Fernand Widal, aliyekieleza mwaka 1896. Utaona kwamba hapo hakuna mdudu aliyetafutwa ndani ya damu yako. Kilichotafutwa ni kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili huzitengeneza ili kumtambua mdudu fulani na kumnasa, nazo hubaki zikizunguka katika damu muda mrefu baada ya mdudu mwenyewe kuondoka, na wakati mwingine huwapo hata kama mdudu huyo hakuwahi kuingia.

Hii 1:80 maana yake ni kwamba seramu yako ilizimuliwa hadi sehemu moja katika themanini na bado ikaweza kufanya chembechembe. Kwa kuwa mizimuo hupanda kwa kuzidishwa mara mbili, kutoka 80 kwenda 160 ni ngazi moja tu, na ngazi moja inaweza kutokana na mkono wa mpimaji au ukali wa taa iliyo juu ya meza yake. Haimaanishi kwamba ugonjwa umeongezeka maradufu, ingawa najua ndivyo inavyoeleweka na watu wengi, wakiwamo baadhi ya wanaoandika dawa.

Sasa kingamwili hizo zinatoka wapi? Hapa ndipo tumbo linapoingia. Katika utumbo wa mtu mzima, hasa utumbo mpana, wanaishi bakteria ambao idadi yao inakisiwa kufikia trilioni 38, karibu sawa na chembe hai za mwili wake mwenyewe. Kinachowatenganisha na damu ni tabaka la ute na safu ya chembe iliyo nene kwa chembe moja tu. Mwili haukai nyuma ya ukuta mwembamba kiasi hicho ukisubiri uvunjwe. Katika utumbo mwembamba kuna mabaka maalumu, yaliyoelezwa na Mswisi Johann Conrad Peyer tangu mwaka 1677, ambayo kazi yake ni kuchukua sampuli za bakteria wanaopita na kuzionyesha kwa chembe za kinga zilizo chini yake, nazo zikishajifunza hugeuka kuwa viwanda vya kingamwili. Nyingi ya kingamwili hizo ni za aina ya IgA, ambazo hurudishwa utumboni kwa gramu kadhaa kila siku, na kwa jumla mwili hutengeneza IgA nyingi kuliko aina nyingine zote zikijumlishwa pamoja. Nyingine, za aina ya IgG na IgM, huingia katika damu.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa uhusiano huo umetokana na panya wa maabara wanaozaliwa na kukuzwa bila bakteria hata mmoja. Damu yao ina IgG na IgA kidogo mno, na mabaka yao ya Peyer ni madogo, kana kwamba ni darasa ambalo mwalimu hajawahi kuingia. Wakipewa bakteria wa kawaida, kiwango cha kingamwili hupanda katika muda wa wiki chache. Mwaka 2016 watafiti walionyesha jambo linalokugusa wewe moja kwa moja: panya wenye afya, wasiougua chochote, walikuwa na IgG katika damu dhidi ya protini iliyo kwenye ngozi ya bakteria wengi wa utumbo, na IgG hiyo iliwakinga hata dhidi ya Salmonella, jamaa ya wale wanaoleta taifodi. Kingamwili za namna hiyo zilionekana pia kwa watu wenye afya.

Kwa maneno mengine, bakteria hawa ni ukoo, na watu wa ukoo hufanana sura. Kingamwili iliyojifunza kwa binamu inaweza kumshika bakteria wa taifodi aliyeuawa aliye kwenye kadi, na kadi haiwezi kutofautisha. Hali huwa hivyo pia kwa aliyewahi kuugua taifodi zamani, aliyechanjwa, na wakati mwingine mwenye malaria. Ndiyo sababu utafiti uliofanywa kwa watoto waliolazwa katika hospitali ya Muheza, mkoani Tanga, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba kati ya waliopimwa na kuonekana wana taifodi kwa Widal katika kiwango cha 1:80, takriban mmoja tu kati ya wanne alikuwa na bakteria wa taifodi kweli damu yake ilipooteshwa, yaani ilipowekwa kwenye chakula cha bakteria ili waliomo wazaliane na kuonekana.

Kwa hiyo jirani yako amekosea, lakini nawe usiidharau homa. Ukiugua tena, omba kipimo cha kuotesha damu kabla hujameza kidonge cha kwanza, maana antibiotiki ikitangulia, bakteria hawaoti na maabara itabaki mikono mitupu. Iwapo hakuna uoteshaji na Widal ndiyo iliyopo, basi ipimwe mara mbili, kwa tofauti ya siku 10 hadi 14. Kupanda mara nne, kwa mfano kutoka 1:80 hadi 1:320, kuna maana ambayo namba moja pekee haina. Na kwa kuwa unawapikia watu, kipimo cha choo kilichooteshwa ndicho kitakachoonyesha kama umebeba wadudu bila kuugua. Damu haiwezi kukuambia hilo.

SWALI: Nimechangia damu mara nne na kundi langu ni O. Niliambiwa kwamba damu yangu ina kingamwili dhidi ya kundi A na B. Sijawahi kuongezewa damu ya mtu yeyote. Nilizipata wapi? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Ulizipata utotoni, na waliokufundisha ni bakteria wa tumboni mwako. Karl Landsteiner aligundua makundi ya damu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini ilichukua miongo kadhaa kueleza kwa nini mtu wa kundi O ana kingamwili dhidi ya damu asiyokutana nayo. Sukari zinazoitambulisha chembe nyekundu ya kundi A au B zinafanana sana na sukari zilizo juu ya bakteria wengi wa utumbo. Mtoto mchanga huzaliwa bila kingamwili zake mwenyewe za aina hii, zikaanza kuonekana anapokuwa na miezi mitatu hadi sita, wakati utumbo wake umekwisha kujaa wakazi. Mwaka 1959 ilionyeshwa kwamba vifaranga waliokuzwa bila vijidudu hawakuwa na kingamwili dhidi ya B katika umri ambao wenzao wa kawaida walikuwa nazo.

Wewe wa kundi O huna sukari ya A wala B, kwa hiyo mwili wako unaziona zote kuwa ngeni. Kiwango chake hakilingani kwa watu wote, na kinaweza kubadilika kwa kinachoingia tumboni: mwaka 2009 iliripotiwa kwamba mchangiaji mmoja wa kundi A, aliyekuwa akimeza vidonge vya bakteria hai vinavyouzwa kama lishe, alikuwa na kingamwili dhidi ya B kwa wingi usio wa kawaida, na waliopewa chembe sahani zake (zile zinazosaidia damu kuganda) waliharibikiwa chembe nyekundu.

Kuna nyingine ya kufurahisha. Takriban asilimia 1 ya IgG katika damu ya binadamu hulenga sukari iitwayo alfa-gali, iliyopo kwa bakteria wa tumboni na pia juu ya kimelea cha malaria. Mwaka 2014 wanasayansi waliwapa panya bakteria wenye sukari hiyo, kingamwili zikapanda, na mbu walipowauma wengi hawakuambukizwa. Chandarua chako kibaki palepale, lakini.

SWALI: Mwanangu ana wiki kumi, amemaliza antibiotiki juzi na Jumatatu ana chanjo. Nisubiri tumbo litulie? Bibi yake anataka apewe togwa arudishe bakteria. (Mama, Kigamboni)

JIBU: Usisubiri, mama, mpeleke Jumatatu hiyohiyo. Ni kweli kwamba bakteria wa tumboni huchangia jinsi chanjo inavyoitikiwa. Nchini Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, watu wazima waliopewa antibiotiki kali kwa siku tano, kuanzia kabla ya chanjo ya mafua hadi baada yake, bakteria wao walipungua mara elfu kumi, na wale ambao tangu mwanzo walikuwa na kingamwili chache za mafua ndio walioitikia kwa udhaifu; wenye kingamwili za kutosha hawakuathirika sana. Chanjo ya matone ya rota nayo huamsha kingamwili chache zaidi kwa watoto wa Afrika kuliko wa Ulaya, na bakteria wa utumbo wanahesabiwa miongoni mwa sababu. Hata hivyo mtoto aliyechanjwa anakingwa kuliko ambaye chanjo yake imeahirishwa.

Endelea kumnyonyesha. Maziwa yako yana IgA inayowafunika bakteria wa utumbo wake, na yana sukari ambazo yeye mwenyewe hawezi kuzimeng'enya lakini bakteria wazuri wanazila. Togwa hiyo anywe bibi kwa sasa. Mtoto akitimiza miezi sita mtazungumza upya.