Kabla ya kuchora tena, nendeni kijijini

Mdogo wangu, nimekuelewa. Kundi lenu la Watanzania, Wajerumani na Wahindi limechora mashine ya kukamua alizeti kwa akina mama wa Singida, na sasa wageni wanataka vipuri vya kuagiza nje, nanyi mnaona haya kuwapinga.

Haya hiyo iacheni. Mradi wetu wa mwaka wa nne ulikufa hivyo hivyo. Beringi ilikuwa ya saizi ya ajabu. Ilipopasuka, mashine ikageuka meza ya kuanikia mboga. Tungeweka beringi ya kawaida ya namba 6205, yenye tundu la milimita 25, fundi angeipata mjini siku hiyohiyo.

Nendeni wote kijijini kwa akina mama hao. Msianze na karatasi ya maswali. Kamueni nao gunia moja, muone nani anainua, nani anasafisha, mashudu yanakwenda wapi. Mjerumani akishabeba debe mwenyewe, ubishi mwingi huisha. Na mtafsirieni kila kitu, hata utani.

Kisha mchoro upelekeni kwa fundi wa kuchomelea, au ofisi ya SIDO ya mkoa. Viwanda vidogo ndiyo kazi yao tangu 1973. Fundi akifuta kitu kwenye mchoro, msinune, muulizeni sababu.

Umeme msiuguse wenyewe. Tafuteni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mkanda wa mota ufunikwe, maana kanga hunaswa mara moja. Mafuta yakiwa ya kuuza, waoneni TBS, shirika la viwango, mapema. Halafu andikianeni mchoro ni wa nani, kabla wageni hawajapanda ndege.