Mpenzi wangu kageuka bosi wangu, nifanyaje?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni binti wa miaka 29, niko kitengo cha uhasibu, na nina mahusiano na mwenzangu wa kazini, huu mwezi wa nane. Tulianza tukiwa ngazi moja kabisa, meza zetu zinatazamana. Miezi miwili iliyopita kapandishwa cheo, sasa yeye ndo msimamizi wa kitengo chetu, yani hata fomu yangu ya likizo anasaini yeye. Anasema tuendelee kuficha mpaka mambo yatulie. Asubuhi ananishusha kwenye kona kabla ya geti, anatangulia kuingia, mi nasubiri dakika kumi ndo naingia. Juzi kwenye kikao kajisahau akaniita "mpenzi", watu kimya, mi nikainama nikajifanya naokota kalamu. Afu kuna dada mmoja kaanza kunirushia vijembe eti ovataimu zote napewa mi. Nampenda na kazi yangu naipenda pia. Nifanyaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo kalamu imenichekesha sana, pole lakini. Ofisi nzima inajua. Watu mnaoshinda nao kutwa nzima hawahitaji kuambiwa, wanaona tu nani akiongea nani anatabasamu, kwa hiyo hiyo siri unayoilinda kila asubuhi pale kwenye kona ilishakufa zamani, asiyejua labda ni mwajiri, na yeye ndo alitakiwa ajue mapema.

Mi sina ugomvi na mapenzi ya kazini. Barack Obama na Michelle walikutana mwaka 1989 kwenye ofisi ya mawakili huko Chicago, Michelle ndo alipewa kazi ya kumwongoza yule kijana aliyekuja kufanya kazi kipindi cha kiangazi, na mwanzoni alimkatalia kutoka naye maana aliona haitapendeza. Mwaka 1992 wakaoana. Kwa hiyo usijione umefanya dhambi.

Shida yako ni ile saini. Mlipokuwa meza kwa meza yalikuwa yenu wawili, lakini siku alipopewa mamlaka ya kukupangia ovataimu na kukujazia tathmini mambo yalibadilika, hata kama nyie mioyoni hamjabadilika. Huyo dada wa vijembe, ukweli namwelewa. Inawezekana ovataimu unazistahili zote, ila atajuaje? Na wewe mwenyewe utajuaje?

Wakubwa wameangukia hapo hapo. Mwaka 2019 Steve Easterbrook, bosi mkuu wa kampuni ya migahawa ya McDonald's, alifukuzwa kwa uhusiano na mfanyakazi, na kampuni yenyewe ilisema ni wa hiari. Mwaka 2025 kampuni ya vyakula ya Nestlé ikamwondoa bosi wake mkuu, Laurent Freixe, kwa kutotangaza uhusiano na mtu aliyekuwa chini yake moja kwa moja. Wote hawa ndo walikuwa juu, na mkubwa ndo anabebeshwa mzigo wa kusema. Kwa hiyo mpenzi wako akikwambia "tusubiri mambo yatulie" mjibu kwamba kila mwezi anaosubiri, yeye ndo anazidi kuonekana alificha.

Halafu kuna swali moja nataka ujiulize ukiwa peke yako. Nje ya kazi anakuficha pia? Kama ndugu zake wanakujua, rafiki zake wanakujua, basi ni woga wa kazi tu na unatibika. Kama hata huko hakuna anayekujua mwanangu, hapo tatizo sio ofisi, niandikie barua nyingine.

Tukirudi kwenye ofisi: someni kwanza kanuni za kazi mlizosaini siku ya kuajiriwa, maana kuna waajiri wanataka taarifa tu na kuna wanaokataza kabisa mtu na aliye chini yake. Afu nendeni HR, yani ofisi inayoshughulikia mambo ya wafanyakazi, wote wawili, siku moja, asiende mmoja akamsemea mwenzake. Maneno machache yanatosha, kwamba mna uhusiano, ulianza kabla ya cheo, na mnaomba mtu mwingine asimamie kazi zako, likizo na tathmini zako. Historia ya mapenzi yenu haiwahusu. Wakisema lazima mmoja ahame kitengo, usikimbilie kusema "nitahama mi". Mara nyingi anahamishwa wa chini, ambaye hakubadilisha chochote. Uliza unahamia wapi, kwa mshahara gani, na wakuandikie.

Na meseji zenu msitumie imeili ya kazini, hata moja. Huyo huyo Easterbrook, mwaka 2020 kampuni ilimshtaki ikisema picha alizofuta kwenye simu ilizikuta kwenye seva yake, maana alikuwa amejitumia kupitia akaunti ya kazi.

Fomu ya likizo kama umeshajaza, iache kwanza kwenye droo. Mkishatoka HR utampelekea huyo msimamizi mwingine asaini.