Kaseti za Mzee, Padi Inayotembea Yenyewe na Kichekesho Kilichozama kwenye Kelele

Habari za kazi, wahariri. Mzee wangu ana kaseti za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Nikizipiga, sauti inatoka kama mwimbaji kajifunika blanketi. Nataka kuziingiza kwenye kompyuta. Halafu vijana wa hapa wanasema muziki ule hauna besi, ndiyo maana hauchezeki. Mnasemaje? – Msomaji, Isevya, Tabora

Anza na hedi ya redio, kile kichuma kinachosoma mkanda. Mara nyingi blanketi hilo ni unga wa kahawia uliobanduka kwenye mikanda ya miaka mingi ukaganda pale. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, kikamue kisichuruzike, sugua uso wa hedi na kile kichuma chembamba kinachozungusha mkanda, mpaka pamba itoke nyeupe. Roli ya mpira ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, maana spiriti huikausha raba ikapasuka. Subiri dakika 10. Kisha peleka kaseti mbele mpaka mwisho na uirudishe mwanzo kabla ya kuipiga: mkanda uliokaa miaka bila kuguswa hugandana, na ukiupiga moja kwa moja unaweza kumezwa na mashine. Ukiona ukungu mweupe kwenye mkanda, usiupige kabisa, utachafua hedi na kuambukiza kaseti nyingine.

Kama bado sauti imefifia, tazama skrubu ndogo yenye chemchemi pembeni ya hedi. Weka alama ya wino pale ilipo sasa. Piga wimbo wenye kayamba au gitaa la solo la juu, zungusha taratibu, si zaidi ya robo mzunguko kila upande, na uache pale sauti nyembamba inapong'aa zaidi. Muziki ukivuta na kulegea kama umechoka, kosa haliko kwenye hedi. Mpira wa ndani wa mashine umelegea, badilisha.

Kurekodi usitumie maiki ya simu. Utanasa mota ya redio na jogoo wa jirani. Chukua waya wenye pini ya milimita 3.5 pande zote mbili, utoe sauti kwenye tundu la spika za masikioni uingize kwenye kompyuta. Audacity ni programu ya bure na inatosha. Panda na sauti kidogo kidogo, kilele kiishie karibu na -6 kwenye kipimo cha sauti cha programu. Ikigusa sifuri sauti inakwaruza, na mkwaruzo huo hautoki tena. Hifadhi kwa WAV, faili lisilobana sauti, 44,100 Hz, biti 16. Kaseti ya dakika 60 itakula kama MB 600 kwa stirio, MB 300 kwa mono. MP3 tengeneza baadaye, ya kugawia ndugu.

Sasa ubishi. Besi ipo, ila haipigi kishindo, inatembea. Mguu unachezeshwa na gitaa la rizimu, na solo linamjibu mwimbaji. Ukifungua sabufa mpaka mwisho unalifunika rizimu, halafu unasema wimbo hauchezeki! Rudisha besi katikati, pandisha sauti nyembamba kidogo, upige tena "Rangi ya Chungwa" ya Nyanyembe Jazz. Kwetu sisi, magitaa yanayopokezana namna ile ni dansi tamu kuliko nyingi za leo.

Diamond ni wa Kigoma au wa Dar? Tunagombana kijiweni. – Msomaji, Kibirizi

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1989, asili ya familia yake ni Kigoma. Mwaka 2012 alikuwemo kwenye wimbo "Leka Dutigite" wa Kigoma All Stars, pamoja na kina Mwasiti na Linex. Wote mna haki.

Nina kibanda cha gemu. Padi za PS4 zinafanya mchezaji akimbie mwenyewe kushoto bila kuguswa. Nimepuliza spiriti, imetulia siku mbili ikarudi. – Msomaji, Mwanga, Kigoma

Chini ya kila kijiti kuna visanduku viwili vinavyopima mwendo, kimoja cha kushoto-kulia, kingine cha juu-chini. Ndani kuna njia ya kaboni inayosuguliwa kila kijiti kinaposogea. Spiriti huondoa vumbi, haiirudishi kaboni iliyolika. Kama ni ya hospitali, yenye asilimia 70, ina maji mengi na inachelewa kukauka. Tafuta ya 90 au zaidi.

Kabla ya kufungua, zima mashine, ingiza pini kwenye kitundu cha nyuma karibu na L2, bonyeza sekunde 5, unganisha kwa waya. Ikikataa, fungua skrubu 4 za nyuma. Tone moja tu la spiriti kwa kila kisanduku, zungusha kijiti mara 30, acha saa nzima. Ikirudi tena, kijiti kibadilishwe kizima. Kina miguu 14 iliyochomelewa, hivyo mpe fundi mwenye kifaa cha kunyonya risasi. Akiking'oa kwa nguvu atang'oa na njia za shaba za bodi.

Tunarekodi komedi ufukweni Ujiji. Watu hawacheki, tumeongeza vicheko vya kompyuta lakini wapi. – Msomaji, Ujiji

Vitoeni vyote. Kicheko cha kupachika kikiingia juu ya neno la mwisho, mtazamaji halisikii lile neno lenyewe la kumchekesha. Acheni sekunde moja ya ukimya baada yake, kamera ikiwa kwenye uso wa aliyeambiwa, si aliyesema. Uso wa mtu aliyedanganywa bei ya dagaa unachekesha kuliko mlio wowote. Na msiigize Mha, mtu wa kabila la huko Kigoma, kwa kupinda lafudhi tu. Mpeni shida ya kweli.

Upepo wa ziwa nao unawala. Mwigizaji aweke simu ya pili ya kurekodi sauti mfuko wa shati, maiki juu, imefunikwa kipande cha sponji, kama sentimita 20 kutoka mdomoni. Kabla ya kuanza pigeni kofi moja mbele ya kamera, mpate pa kulinganishia picha na sauti.