Dpkg inakwama kwenye kusanidi kifurushi: anza na nscd kabla ya kulaumu mtandao

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba `apt upgrade` (amri ya kusasisha programu, ambayo humtumia dpkg kusakinisha vifurushi) inakwama kwenye kusanidi kifurushi kwa madai kuwa kundi la watumiaji halipo, lakini ukiiacha kama saa moja inapita bila taabu. Hiyo saa moja ndiyo inayonifanya nimshuku nscd, huduma inayotunza kwa muda majibu kuhusu watumiaji na makundi.

Kwenye seva ya Debian ya ofisi yetu hapa Makole, Dodoma, mwenzetu alifuta kundi kwa kuhariri /etc/group, faili la orodha ya makundi, kwa mkono badala ya kutumia `groupdel`, ambayo humwarifu nscd yenyewe, na katika /etc/nscd.conf mstari wa check-files, unaoamua kama nscd ikague mabadiliko ya faili hilo, ulikuwa "no". Skripti ya postinst, ile inayoendeshwa wakati wa kusanidi kifurushi, ilipouliza kama kundi lipo, ilijibiwa kwamba lipo, hivyo haikuliunda. Kisha ikaitwa `gpasswd`, ambayo husoma faili lenyewe, ikakuta patupu, na dpkg ikasimama. Kwa mipangilio ya kawaida, jibu la kundi lililopatikana hutunzwa sekunde 3600 (saa moja) na la mtumiaji sekunde 600, kwa hiyo hitilafu hujiponya na watu husingizia intaneti.

Endesha `getent group jina`, inayoweza kujibiwa na nscd, kisha `grep '^jina:' /etc/group`, inayosoma faili lenyewe (weka jina la kundi lako mahali pa "jina"). Amri ya kwanza ikitoa mstari na ya pili ikanyamaza, mchawi umempata, isipokuwa kama /etc/nsswitch.conf inaonyesha kwamba makundi yenu hutoka pia LDAP (saraka ya watumiaji iliyo kwenye seva nyingine), ambapo tofauti hiyo ni halali. Toa `nscd -i group` na `nscd -i passwd` kufuta majibu yaliyotunzwa, halafu `dpkg --configure -a` ili usanidi uendelee. Wanaotumia sssd, huduma nyingine inayotunza majibu kama hayo, watatoa `sss_cache -E`.

Kuiwasha upya huduma peke yake hakutoshi pale mstari wa persistent katika /etc/nscd.conf unapokuwa "yes", kwa kuwa majibu yamo kwenye faili za /var/cache/nscd na husomwa tena. Wala usifuate ushauri wa kufuta faili la postinst ili dpkg inyamaze. Utabaki na kifurushi kinachoonekana kizima huku huduma yake haiwaki.

Baada ya hapo rudisha check-files kuwa "yes". Kama seva yako ina akaunti za ndani tu, mimi ningeiondoa nscd kabisa, kwani kusoma faili dogo la /etc/group hakuhitaji msaidizi.