Kula bila nyama, maziwa wala mayai mjini Arusha

Ndugu yangu, umeuliza namna ya kupata mlo usio na chochote kitokanacho na mnyama katika migahawa ya Arusha, hasa ile yenye matawi. Usiishie kumwambia mhudumu kwamba huli nyama, kwa kuwa wengi watakuletea mayai, samaki au mchicha uliokaangwa kwa siagi wakiamini wamekutimizia. Taja kimoja kimoja: nyama, samaki, mayai, maziwa, siagi, samli. Katika migahawa ya Kihindi mboga ni tele, lakini samli na mtindi huingia karibu kila sufuria, hivyo omba dengu zilizoungwa kwa mafuta ya alizeti. Chipsi nazo mara nyingi hukaangwa katika mafuta yaliyokaangia kuku.

Kwa maoni yangu, mama ntilie atakufaa kuliko mgahawa wa kifahari: wali maharage, ugali kwa mchicha, au makande, ambayo hata hivyo wengine huyatia maziwa. Kiburu cha ndizi na maharage ni chaguo zuri. Loshoro, chakula cha mahindi cha Wamaasai na Waarusha, iache, kwani ina mtindi. Kwenye mkahawa, agiza kahawa nyeusi.