Mtoto akisema "mama kanituma", unaweza kumuuzia gemu ya 18?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina duka dogo hapa Leicester, nauza simu na chaja, siku hizi nimeingiza na magemu ya mtumba ya PlayStation na Xbox. Juzi kaja dogo wa miaka 14 hivi, namjua na mama yake namjua, kaleta gemu zake mbili za mpira anataka nimbadilishie na GTA V, anasema mama kanituma. Nikampa. Shemeji yangu aliyeko Marekani anasema zile namba za kwenye kava ni ushauri tu, jirani yangu wa duka anasema naweza kufungwa. Nani mkweli? Na nina gemu zingine zimetoka Marekani zina herufi M badala ya namba, hizo vipi?

JIBU: Salama kaka. Jirani yako ndiye mkweli, na shemeji yako wala hajakudanganya, ila anakusemea sheria za kwao na duka lako liko Leicester.

Tuanze na huko kwake. Marekani mwaka 1993 Seneti iliwaita watu wa magemu wakahojiwa kuhusu Mortal Kombat na Night Trap, wakaogopa kutungiwa sheria, mwaka uliofuata wakaunda wenyewe chombo cha kupanga umri kinaitwa ESRB. Ni hiari mpaka leo, maduka makubwa yanafuata kwa sababu yameamua yenyewe. California ilijaribu mwaka 2005 kupitisha sheria ya kumtoza muuzaji faini hadi dola 1,000 akimuuzia mtoto gemu zenye ukatili mkubwa, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi na mwaka 2011 majaji 7 kwa 2 wakaitupa, wakasema gemu inalindwa na uhuru wa kujieleza sawa na kitabu. Kwa hiyo shemeji kwa kwao yuko sahihi kabisa.

Uingereza ni habari nyingine. Hapa kuna sheria ya mikanda ya video ya mwaka 1984, ikaja kurekebishwa, na tangu tarehe 30 Julai 2012 zile namba za kwenye kava, za mfumo wa Ulaya wa kupanga umri wa magemu unaoitwa PEGI, zina nguvu ya kisheria. Namba 3 na 7 ni ushauri kwa mzazi, hizo uza kwa yeyote. Namba 12, 16 na 18 ni amri: ukimpa mtu ambaye hajafika huo umri umefanya kosa la jinai, adhabu ni jela hadi miezi 6 au faini au vyote viwili, na faini yenyewe zamani ilikuwa inaishia pauni 5,000 lakini tangu Machi 2015 kwa England na Wales ule ukomo uliondolewa. Wanaokagua ni Trading Standards, idara ya halmashauri yako inayosimamia biashara, na wanatuma watoto wa kweli kuja kununua ili waone utafanya nini. Anaweza kushtakiwa aliyesimama kaunta na mwenye duka pia, hata kama siku hiyo mwenye duka alikuwa kwake amelala.

Sasa nije kwenye lile lako, maana najua unajiambia moyoni "mimi sikuuza, nilibadilisha tu". Sheria haisemi kuuza peke yake. Inahesabu kuuza, kukodisha, kubadilishana na kuazimisha, vyote ni kitu kimoja ilimradi umefanya kibiashara, kwa hiyo zile gemu mbili za mpira ulizopokea ni sawasawa na kama dogo angekupa hela taslimu. Hapa ndipo wenye maduka ya mitumba wengi wanapoteleza, mtu yuko makini kwenye kuuza lakini dogo akija na gemu mkononi anaona hiyo ni biashara ya kirafiki tu.

Na hili la mama kanituma, kaka, nakuelewa sana. Sisi tumekulia humo, unatumwa sukari, unatumwa mafuta ya taa, unatumwa hata sigara za babu na mwenye duka anakupa kwa sababu anamjua babu, na kumnyima mtoto aliyetumwa ni kama kumvunjia heshima mzazi wake. Lakini hapa sheria inamwangalia aliyepokea kitu mkononi, basi. Haina kipengele cha ruhusa ya mzazi. Hata ungempigia simu mama yake ukaweka spika akasema mpe tu, bado ni kosa kumpa mtoto. Mama akija mwenyewe akanunua, akaenda kumpa mwanae nyumbani, hapo hakuna kosa, kwa sababu kumpa mtu kitu bila malipo na nje ya biashara sheria hiyo haikugusi. Tofauti ni nani anaamua, na akishasimama pale kaunta mwenyewe anaona kava, anaona 18, anaweza kukuuliza ina nini ndani. Wazazi wengi wa kwetu wanadhani ile namba ni ugumu wa gemu, kwamba 18 ni kwa ajili ya walio na akili nyingi na mwanangu anaweza, yaani hilo nimelisikia mara nyingi mno na linaniuma. Namba inahusu kilichomo, damu, matusi, ngono, madawa. FIFA 22 ina 3 na mtoto wa miaka mitatu hawezi hata kushika padi vizuri. GTA V ina 18 na kuna sehemu ndani yake unamtesa mtu kwa mikono yako ili aseme. Mwambie mama hivyo, kwa Kiswahili, aelewe.

Kwa hili lililokwishatokea, mpigie mama leo, mweleze kilichotokea, akubali arudishe GTA na wewe umrudishie dogo gemu zake. Hiyo haifuti kosa, ila huyo mtoto hapaswi kuwa na hiyo gemu kupitia mkono wako.

Kuanzia kesho, kila anayeonekana chini ya miaka 25 muombe kitambulisho, pasi, leseni ya udereva au kadi ya kuthibitisha umri yenye alama ya PASS. Ukiwa na kijana anakusaidia kaunta mfundishe, aweke sahihi kwamba amefundishwa. Weka daftari la waliokataliwa, tarehe, saa, gemu gani. Daftari hilo ndio utetezi wako, kwa sababu sheria inamsikiliza mtu aliyechukua tahadhari zote za maana, na pia aliyekuwa na sababu ya kuamini mteja amefika umri. Wewe kwa huyu dogo huna hata moja, unamjua tangu mdogo. Oda za WhatsApp unazotuma kwa posta nazo zimo, sidii ni sidii. Gemu za kudownload sheria hiyo haizihusu, na hizo wewe huuzi.

Ukikuta kava la zamani lina alama ya BBFC, bodi ya Uingereza inayopanga umri wa filamu, badala ya PEGI usidhani limeisha muda, namba yake bado inafanya kazi vilevile.

Zile za Marekani zenye M zitoe kwenye shelfu leo hii. M ni ya ESRB, maana yake miaka 17 na kuendelea, na hapa haina nguvu yoyote. Kuuza bila alama inayotambulika hapa ni kosa peke yake hata kwa mzee wa miaka 60, na kama gemu yenyewe haijawahi kupimwa na kupangiwa umri hapa wakati ilitakiwa kupimwa, adhabu inaweza kufika miaka 2, na hata kuiweka stoo kwa nia ya kuiuza kunahesabika. Zifunge kwenye boksi lao pembeni, andika juu SIUZI, halafu nitumie orodha ya majina tuangalie moja moja.